Njia ya changarawe inayoishia majini

Najua nilipotea. Mitihani ya katikati ya muhula ilinibana ile mbaya, halafu baridi ikamalizia pale mitihani ilipoachia. Sasa theluji imeyeyuka, majibu yametoka (tusiyaongelee leo), na mimi nimerudi na kisa. Kaeni mkao wa kula maana ni kirefu. Kina baiskeli, kina msitu, kina bwawa, na mwisho kabisa kina bibi yangu mzaa mama, ambaye hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake.

Kwa wale wageni wa ukurasa huu, mimi nasoma hapa Amherst, magharibi ya jimbo la Massachusetts, Marekani. Mji mdogo, vilima kila upande, vyuo kama utitiri. Chumba kinachotazamana na changu anakaa mshikaji mmoja mzaliwa wa huku huku, tunasoma naye somo la historia. Nitamwita Jirani. Jirani ana ugonjwa mmoja tu, baiskeli. Anazo mbili, na ile ya zamani ndiyo ameniazima mimi.

Tuanze na hizo baiskeli. Wenyewe wanaziita baiskeli za changarawe. Ukiiona kwa mbali utadhani ni ya mashindano, usukani wake umejikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Ukiisogelea unaona tairi ni pana na zina meno, na gia ya chini inakupandisha mlima ukiwa umekaa zako. Kazi yake ni barabara zisizo na lami. Sasa mimi nilicheka. Kwetu mbunge akija kuomba kura anaahidi kuitoa barabara kwenye kiwango cha changarawe aifikishe kwenye lami. Huku watu wazima, wana kazi zao na nyumba zao, wanaamka alfajiri siku ya mapumziko kwenda kuitafuta changarawe kwa ramani! Na wala si mchezo wa kale. Mbio zao zinazojulikana kuliko zote, zile za Emporia kule Kansas, zilianza mwaka 2006 na watu wasiofika hata 40.

Kichekesho zaidi ni kwamba walioidai lami katika nchi hii, tena kwa kelele, walikuwa waendesha baiskeli wenyewe. Chama chao, League of American Wheelmen, kilianzishwa mwaka 1880, na kikapiga kampeni miaka nenda rudi kwamba barabara za vumbi na matope ni aibu. Mwaka 1893 jimbo hili la Massachusetts likaunda tume yake ya barabara kuu, wakati motokaa bado ni kitu cha kusimuliwa. Kisha motokaa zikaja, zikaikalia ile lami yote, na leo mjukuu wa yule aliyeilia lami anakimbilia msituni kuitafuta changarawe.

Hapo ndipo nikamuuliza Jirani swali ambalo limezaa makala hii. Katika jimbo tajiri namna hii, barabara ya changarawe imebaki vipi? Akafikiri kidogo akasema kuna namna mbili. Ama barabara haina umuhimu kwa mtu yeyote, basi imesahauliwa. Au ilikuwa na umuhimu sana, ila waliokuwa wakiitumia waliondolewa. Akanifungulia ramani ya mashariki yetu, mwendo wa nusu saa kwa gari. Katikati kuna bwawa kubwa la bluu lenye umbo kama mkono wenye vidole, na pembeni yake vijistari vyembamba vya barabara za zamani. Vinashuka mlimani taratibu, vinafika kwenye bluu, vinaingia ndani na kupotea. Akasema, Jumamosi tunakwenda huko.

Bwawa linaitwa Quabbin. Lina urefu wa kilomita 29 hivi, eneo la kilomita za mraba kama 100, na likijaa linabeba lita trilioni moja na nusu za maji. Pwani yake ukiifuata kona kwa kona ni kilomita 290. Ni maji ya kunywa ya watu zaidi ya milioni 2 wa Boston na miji jirani, na Boston yenyewe iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Sisi wa Amherst tunaliona tukipanda vilima vya Pelham, ila hatulinywi, mji wetu una vyanzo vyake. Na wengi wanaoishi pembezoni mwa bwawa lenyewe wanachota kwenye visima vyao. Maji yanapita mlangoni kwao kwenda mjini. Methali mnaijua, sina haja ya kuwakumbusha.

Jumamosi ikafika, mwisho wa mwezi wa nne, tarehe ambayo Jirani aliichagua makusudi na mtaona kwa nini. Tukapakia baiskeli kwenye gari lake, tukapanda Pelham, tukashika barabara namba 202 kwenda kaskazini. Hiyo barabara nayo ina jina, Daniel Shays Highway. Shays alikuwa mkulima wa Pelham, aliyepigana vita vya uhuru wa Marekani, akarudi nyumbani akakuta kodi na madeni. Mwaka 1786 wakulima wa upande huu walichoka na mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya mashamba na kuwafunga kwa madeni, huku serikali ya Boston ikitaka ilipwe kwa fedha taslimu ambazo wao hawakuwa nazo. Wakashika silaha. Januari 1787 walijaribu kuivamia ghala ya silaha ya Springfield, wakapigwa mizinga, wanne wakafa. Februari jeshi la serikali likawafuata usiku kwenye theluji mpaka Petersham, wakatawanywa. Kumbukeni jina hilo, Petersham, tutalifikia. Na kumbukeni huo mpangilio wenyewe, bonde huku na Boston kule.

Kuzunguka Quabbin kuna mageti zaidi ya 50, yana namba. Si mageti ya kulipia, ni vizuizi vya kuzuia magari. Mengine unaruhusiwa kuingia na baiskeli, mengine kwa miguu tu, na pale getini pana kibao, kisome. Mbwa haruhusiwi. Kuogelea hakuruhusiwi, hata kutumbukiza miguu hairuhusiwi, maana ni maji ya watu kunywa.

Tulianza na geti namba 35, upande wa New Salem. Jamani. Unashuka kidogo kwenye msitu, halafu njia inalala tambarare kabisa, upande mmoja mlima wa misonobari, upande wa pili maji yametulia mpaka unaona mawe chini. Changarawe laini, imeshindiliwa, tairi zinaimba. Nikamwuliza Jirani mbona njia haina mlima hata kidogo, na mbona pale mbele wamekata mwamba katikati ili njia ipite. Akasema hii si barabara, ni reli. Kulikuwa na treni dogo likishuka kutoka Athol hadi Springfield kupitia bonde hili, watu wakalibandika jina Rabbit Run, mbio za sungura. Mwaka 1935 lilisimama. Mataruma yakang'olewa, na sisi tunapita juu ya tuta lake. Ukifika mbali kidogo tuta lenyewe linaelekea majini, na wewe unapaswa kugeuka.

Tukarudi kwenye gari, tukazunguka mpaka Petersham, tukashuka barabara namba 32A hadi geti namba 40. Hapa kuna lami ya zamani, imepasuka, nyasi katikati, changarawe pembeni. Kilomita kama tatu hivi, mteremko mwepesi. Pande zote mbili msituni unaona kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono, ndefu, zinaingia ndani ya miti na kupotea. Nikauliza, nani anajenga ukuta msituni? Hakuna mtu anayejenga ukuta msituni. Msitu ndio uliokuja baadaye. Hapo palikuwa mashamba na malisho, wazi kabisa, unaona nyumba ya jirani yako ng'ambo. Miti yote ile mikubwa iliyonifanya niseme huu ni msitu wa tangu kuumbwa kwa dunia, mingi umri wake haufiki hata miaka 100.

Kisha ghafla msitu unaachia, unatokea kwenye uwanja wa nyasi. Pametulia. Kuzunguka uwanja kuna mashimo ya mstatili yaliyojengwa kwa mawe, mengine yameota miti ndani, na ngazi za mawe mbili tatu zinazopanda kwenda hewani, hazifiki popote. Pana jiwe la kumbukumbu lililowekwa na waliozaliwa hapo, na vibao vyenye picha za nini kilikuwa wapi. Hapa hoteli. Hapa shule. Hapa kanisa. Hapa ukumbi wa mji. Ni Dana, mji uliosajiliwa mwaka 1801 na kufutwa mwaka 1938.

Sasa niingie kwenye historia yenyewe, nisije nikawa nawatembeza tu.

Boston ina kiu ya zamani. Mwaka 1848 ilivuta maji kutoka ziwa Cochituate, watu wakashangilia, wakadhani yamekwisha. Hayakwisha, mji ukakua. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakajenga bwawa la Wachusett, na vipande vya miji minne vikafunikwa. Tangu ripoti ya mwaka 1895 wahandisi walikwishataja mbele zaidi magharibi, bonde la mto Swift, kwamba siku ikifika ndiko tutakakokwenda. Hebu fikirini kuishi na sentensi hiyo zaidi ya miaka 30. Nani atanunua nyumba yako? Nani atajenga kiwanda? Vijana wanaondoka, bei ya ardhi inashuka, halafu serikali ikija kununua inanunua kwa bei iliyokwishaporomoka kwa sababu ya maneno yake yenyewe. Mwaka 1927 sheria ikapitishwa. Jimbo la Connecticut likaishitaki Massachusetts kwa kuchukua maji yanayoteremkia kwao, na mwaka 1931 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba Massachusetts iendelee. Wakazi wa bonde wao walipeleka malalamiko yao Boston, lakini kura zilikuwa wapi? Bonde zima lilikuwa na watu 2,500 hivi. Hesabu ilikuwa imekwisha kabla haijaanza.

Miji ilikuwa minne, Dana, Enfield, Greenwich na Prescott. Msidhani ni vibanda. Kulikuwa na viwanda vya nguo na vya masanduku, na Greenwich walikata barafu kwenye maziwa yao wakaiuza mijini kabla ya friji. Dana, hii iliniua, wanawake walisuka kofia za majani yaliyoletwa kutoka Cuba. Wamekaa vibarazani kwao, baridi nje, wanasuka ukili kama mama zetu! Nilisimama mbele ya hilo shimo la mawe nikajaribu kumwona mwanamke ameketi pale na ukili mapajani.

Kazi ikaanza. Nyumba zikauzwa, nyingine zikabebwa zima zima kwa malori kwenda miji mingine, nyingine zikavunjwa na kuchomwa. Vibarua wengi wakaletwa kutoka Boston kufyeka kila mti hadi usawa ambao maji yangefika. Wenyeji, kwa hasira, wakawaita vigogota, wale ndege wanaotoboa miti. Na makaburi yakafukuliwa. Zaidi ya 7,500. Mengi ya mabaki yakahamishiwa kwenye makaburi mapya yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo huko Ware, kusini ya bwawa, pamoja na mawe ya makaburi yao.

Tarehe 27 Aprili 1938 usiku, wazima moto wa Enfield wakaandaa dansi ya kuaga katika ukumbi wa mji. Watu walikuja kutoka kila kona, waliobaki na waliokwishahama. Bendi ikapiga. Ilipofika saa sita usiku muziki ukasimamishwa, saa ya ukutani ikagonga, na watu wazima wakalia mbele za watu. Kuanzia hapo, tarehe 28 Aprili, miji minne haikuwepo tena kisheria. Mtu ameingia ukumbini akiwa mkazi wa Enfield, ametoka hana Enfield. Ndiyo tarehe aliyoichagua Jirani.

Septemba mwaka huo huo kimbunga kikubwa kikapiga huku na kuangusha misitu, utadhani hata mbingu zimejiunga na vibarua. Agosti 1939 maji yakaanza kufungiwa nyuma ya bwawa la Winsor, lililopewa jina la mhandisi mkuu Frank Winsor, aliyefariki mwaka huo huo asilione limejaa. Lilijaa mwaka 1946. Vilima virefu vikawa visiwa. Prescott, kwa kuwa iko juu, nyingi haikuzama, imebaki rasi ndefu ambayo umma hauruhusiwi kuingia. Kuanzia mwaka 1969 wanafalaki wa vyuo vya hapa kwetu waliweka darubini ya redio kule. Walipapenda kwa sababu pametulia, hakuna watu. Hakuna watu, ndiyo. Kuna sababu.

Na kabla hamjaanza kuwalilia wenye kofia za ukili peke yao, Quabbin ni neno la Wanipmuc, wenyeji wa kwanza wa bonde hili, na wenyewe wanaeleza maana yake kuwa ni mahali pa maji mengi. Wanipmuc walivunjwa katika vita vya mwaka 1675 na 1676, na ardhi ya Greenwich baadaye ikagawiwa kama zawadi kwa ajili ya askari wa upande ulioshinda. Hao hawakupigiwa bendi. Kwa hiyo tulipokuwa tumekaa pale Dana tunakula mikate yetu, tulikuwa tumekaa juu ya kuhamishwa mara mbili.

Nikasema nimepata makala, nitaandika kwamba mji mkubwa umewameza wadogo, basi, naweka nukta. Jirani ndiye aliyenitibulia. Yeye kwao ni Boston. Amekua kwa maji haya, ameogeshwa kwayo akiwa mtoto. Akasema, unajua haya maji hayapitishwi hata kwenye mitambo ya kuchuja? Ni kweli, nikaenda kusoma. Yanawekwa dawa ya kuua vijidudu, lakini msitu ndio chujio. Serikali ya shirikisho iliwapeleka mahakamani miaka ya 1990 ili wajenge mtambo, ikashindwa. Msitu ule unaoota juu ya mashamba ya Dana ndio unaofanya mtoto wa Boston anywe bombani bila wasiwasi. Tai waliokuwa wametoweka jimboni walirudishwa hapa mwaka 1982, sasa wanazaliana. Ningesema nini? Kwamba ni bora wasingekunywa?

Ila mimi nami nikapata la kumjibu. Miaka ya 1970 na 1980 Boston na wenzake walikuwa wanatumia zaidi ya lita bilioni 1.1 kwa siku, kupita kiwango ambacho mabwawa yanamudu kwa usalama. Wakaja na wazo lile lile la siku zote, twende magharibi zaidi, safari hii tuuvute mto Connecticut uingie Quabbin. Watu wa huku wakakataa, na safari hii walikuwa wengi. Ikabidi mji utazame mabomba yake yenyewe. Wakaziba yanayovuja, wakabadilisha vyoo na mabomba majumbani, wakarekebisha bei. Matumizi yakashuka mpaka chini ya lita milioni 800 kwa siku, na mto ukaachwa ulipo. Hakuna kijiji kilichohamishwa. Nikamwambia Jirani, mwaka 1927 nani alitumwa kwenda kutazama mabomba kwanza? Akanyamaza. Hata mimi sidai kwamba mabomba yangetosha, mji ulikuwa unakua kweli. Nasema tu kwamba kumhamisha mtu ilionekana kazi rahisi kuliko kushika spana.

Sasa Bibi.

Jumapili huwa nampigia. Anakaa kijijini, Dodoma, binamu yangu humshikia simu. Safari hii nilituma picha kwanza, za baiskeli, za maji, za ngazi zisizofika popote.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Akauliza hizo ngazi ni za nini. Nikamweleza kwa kifupi, kulikuwa na mji, serikali ikauhamisha ili kuweka bwawa. Akauliza, waliwahamisha kwa malori? Nikasema wengine ndiyo. Akauliza, na wafu wao? Nikasema waliwafukua wote, zaidi ya elfu saba, wakawapeleka mahali pengine, pamoja na mawe yao.

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Mimi nilikuwa najua kwamba Bibi alihamishwa. Kila mtu kwetu anajua. Operesheni Dodoma, mwaka 1971, miaka michache kabla operesheni hazijaenea nchi nzima na serikali kutangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Shuleni tuliisoma kwa kurasa mbili, faida na hasara, tukajibu swali, tukapata maksi. Sikuwahi kumwuliza yeye.

Akasema, "Sisi walituambia pandeni. Mama yangu alikuwa na miezi miwili tu udongoni. Hata matanga yalikuwa hayajatutoka mwilini."

Nikamwuliza, Bibi, waliwaambia mnahamia nini? Akasema, shule, zahanati, na bomba. Nikauliza, bomba lilikuja? Akacheka. "Lilikuja. Lilichelewa sana, lakini lilikuja. Na wewe shule umeanzia hapo hapo, usijifanye umesahau."

Mnaona mambo hayo? Watu wa Dana waliondolewa ili wengine wapate bomba. Bibi aliondolewa aletwe kwenye bomba. Mimi ninayeandika haya kwa majigambo nimetoka kwenye hiyo shule. Jirani ametoka kwenye hayo maji. Sote wawili tumepanda baiskeli Jumamosi tukasema mandhari nzuri, njia nzuri, kimya kizuri. Kimya kile kina wenyewe. Sisemi msitembee huko, nendeni, mimi mwenyewe nitarudi. Ila mwenye njia asalimiwe kwanza, ndivyo tulivyolelewa.

Kisha nikamwuliza swali ambalo hakuna mtu kwetu aliyewahi kumwuliza mbele yangu. Kaburi la mama yako liko wapi? Akanielekeza kama mtu aliyetoka huko jana. Ukitoka kijijini unafuata korongo upande linakotoka jua, mpaka penye mawe mawili makubwa yaliyoegemeana. Hapo unaliacha korongo, unapanda kwenye mbuyu uliopasuka katikati, mtu anaweza kusimama ndani yake. Nyumba yetu ilikuwa mkono wa kushoto wa huo mbuyu. Yeye yuko nyuma ya nyumba. Akasema njia ilikuwepo, nzuri tu, ya changarawe, punda walipita. Haijui kama bado ipo.

Nimeyaandika yote kwenye daftari, nyuma ya hesabu za gharama za kitabu. Likizo nikija nyumbani nitaazima baiskeli ya mjomba, ile ile yenye keria ya kubebea magunia, maana njia ikiwa imekufa tairi jembamba halitafika. Mbuyu hauanguki kirahisi, na mawe hayahami. Bibi amesema kama magoti yatakubali tutakwenda wote, nimpakie kwenye keria. Nikamwambia hajawahi kupanda baiskeli. Akasema, na wewe hujawahi kumzuru mkwe wako.

Basi wadau, kwa leo naishia hapo. Kwa mtakaokwenda Quabbin: anzeni geti 40, ni rahisi, nusu siku inatosha. Bebeni maji yenu (ndiyo, pembeni ya trilioni moja na nusu za lita mnabeba maji yenu), bebeni tyubu ya akiba, na simu msizitegemee kule bondeni. Mkifika Dana shukeni kwenye baiskeli mtembee kwa miguu kuuzunguka uwanja. Mwenye pampu ya kuaminika aniazime wiki ijayo, ya Jirani imekufa. Tuonane.